Jina la Pili Katika Hati

Masomo: Hesabu 27:1-11, Yoshua 17:3-6, 1 Petro 3:7



Padre alipotuomba tuandike mafundisho ya toleo hili, bila shaka alitazamia kwamba tungeandika juu ya sala au juu ya kufunga. Tumemwomba atuwie radhi, tuandike juu ya nyumba. Si nyumba ya Mungu, ambayo paa lake lingali linavuja upande wa kwaya kama kamati ya ujenzi ijuavyo, bali nyumba hizi tunamolala sisi, na karatasi zake tulizozifungia masandukuni.

Sababu ni matanga. Katika mtaa wetu tulimzika ndugu mmoja, mshiriki mwaminifu, mtu wa sala na wa kazi. Hatutamtaja jina, na wanaomjua tunawasihi nao wasimtaje. Alikuwa amemaliza nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, ina kisima nyuma na miti ya michungwa mbele. Matanga yalipoondolewa, ndugu wa marehemu walikaa barazani wakaleta sanduku, wakatoa hati ya nyumba. Ilikuwa na jina moja. Mmoja wao akalisoma jina lile kwa sauti, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, shemeji anatarajia kuhama lini. Mama yule alikuwa ameishi chini ya paa lile miaka ishirini na sita. Maji ya kukandia udongo wa matofali yale aliyachota yeye, kwa ndoo, kichwani, kabla kisima hakijachimbwa.

Shauri lile sasa liko mahakamani, nasi hatutalizungumza zaidi ya hapo. Lakini siku ile tulikuwapo barazani, tumeshika kikombe cha chai, na tulinyamaza. Tulinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya kila siku, kwamba mambo ya ukoo si ya jirani. Ya pili ndiyo inayotuandikisha leo. Tulikumbuka kwamba hati ya nyumba yetu wenyewe, iliyomo sandukuni chini ya kitanda, nayo ina jina moja tu, nalo ni la mume.

Jinsi ilivyokuwa hivyo ni jambo la kueleza kwa uwazi, maana wengi mtajiona humo. Kiwanja tulikipata tukiwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa mshahara mnaoujua. Msingi tulijenga kwa akiba yetu. Kuta zilisimama miaka mitatu bila paa, mpaka nyasi zikaota ndani ya vyumba na mbuzi wa jirani wakafanya kwao. Bati zilinunuliwa na mama watoto: alikuwa akikaanga vitumbua kuanzia saa kumi ya usiku, akawa anacheza upatu na wenzake saba, na zamu yake ilipofika mara mbili, tulipata bati za kufunika nyumba yote na zilizobaki tukaezekea jiko. Basi fomu ya maombi ya hati ilipokuja ilikuwa na mstari wa jina la mwombaji. Tukaandika jina letu pale bila kufikiri, kama tulivyokuwa tukiliandika kila asubuhi katika daftari la mahudhurio. Hakuna aliyetukataza kuandika majina mawili. Wala sisi hatukuuliza. Jioni ile tulikula vitumbua.

Hebu sasa turudi madhabahuni. Wengi wetu wa umri huu tulifunga ndoa kwa ibada ya zamani tuliyorithi kutoka Kitabu cha Sala. Bwana arusi akimvika bibi arusi pete, ibada ile ilimtamkisha mambo matatu, na la tatu lilihusu mali: alimshirikisha mkewe mali yake yote aliyo nayo duniani. Haikusemwa sehemu ya mali, wala mali ya jikoni. Tena yalitamkwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, mbele ya mashahidi, na kitabu cha ndoa kikatiwa saini. Kwa hiyo mtu aliyeapa hivyo, kisha akaandikisha nyumba waliyojenga wawili kwa jina lake peke yake, ana hati mbili zisizopatana: moja imo katika daftari la kanisa, moja imo katika daftari la Msajili wa Hati.

Si Waafrika peke yetu tulioacha hati hizo mbili zigombane. Wamisionari waliotuletea ibada ile walitoka Uingereza, na huko kwa karne nyingi bwana arusi alitamka kwamba anampa mkewe mali yote, hali sheria ya nchi ilifanya kinyume: fedha na vitu vya mke vikawa vya mume siku ile ile ya arusi, na ardhi ya mke ikasimamiwa na mume. Bi. Mary Sumner alianzisha Umoja wa Mama mwaka 1876, na sheria iliyompa mke wa Kiingereza haki kamili ya kumiliki mali kwa jina lake ilipitishwa mwaka 1882. Akina mama wetu wavaao beji ya Umoja huo siku ya Bikira Maria wajue kwamba mwanzilishi wao alianza kazi hiyo wakati mke aliyeolewa hakuweza kusimama mbele ya sheria kama mwenye nyumba.

Tuje katika somo la Hesabu. Selofehadi alikufa jangwani, hakuacha mtoto wa kiume. Alikuwa na binti watano, na Biblia inawataja wote kwa majina, jambo ambalo haifanyi kwa kila mwanamke. Nchi ilikuwa karibu kugawanywa kwa kufuata hesabu ya wanaume, na nyumba ya baba yao ingefutika. Binti hao hawakwenda kunung'unika kisimani. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao liondolewe katika jamaa yake kwa kuwa hakuwa na mwana. Tazameni Musa alivyofanya. Hakusema mila ndivyo ilivyo. Hakusema warudi kesho. Alilipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema kwamba binti wale wamenena haki, kisha akaifanya kuwa sheria kwa Israeli yote.

Wengi tukihubiri huishia hapo. Lakini mfunueni Yoshua, sura ya 17. Miaka imepita, Musa amekufa, mto Yordani umevukwa, na sasa ardhi inagawanywa kweli. Binti wale wale wanakuja tena, mbele ya Eleazari na Yoshua na wakuu, wanawakumbusha kwamba Bwana alikwisha kuamuru. Ndipo wakapewa. Neno la Mungu lilikuwa upande wao tangu jangwani, hata hivyo iliwabidi kufunga safari ya pili na kusimama tena mbele ya meza, kwa sababu neno lililonenwa lilikuwa bado halijawa mpaka wa shamba. Na katikati hapo, katika Hesabu 36, wazee wa ukoo walikwenda kwa Musa na hofu yao: je, hawa wakiolewa na kabila nyingine, ardhi yetu si itatutoka? Msidhani swali la baraza la matanga ni jipya.

Sheria ya nchi yetu nayo imefanya safari ndefu namna hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema wazi kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume kupata mali, kuimiliki na kuitoa. Ilisema pia kwamba nyumba wanayoishi mume na mke haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake, na kwamba yule mwenzake aweza kupeleka zuio kwenye daftari la ardhi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika na kulea na kutunza, ni mchango katika mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu katika rufaa ile, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fungu lake alikwisha kulipokea na kulitumia. Walakini wanawake wengi baada yake wamesimama juu ya jiwe lile. Na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, huko Mwanza, alimkubalia Holaria Pastory wa Kihaya, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake kisha akaliuza, na jamaa yake mmoja akataka mauzo yavunjwe kwa kuwa yeye ni mwanamke. Jaji alikataa. Tulipoisoma habari ile tuliandika pembeni: Hesabu 27.

Halafu zikaja Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Humo ardhi yote ni ya umma, imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na wenye hati kama yetu wana haki ya kuitumia tu kwa muda: miaka 33, au 66, au 99. Aliyesoma Mambo ya Walawi sura ya 25 hatashangaa, maana huko Mungu anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake, na wao ni wageni waliokaribishwa. Hati yetu sisi ni ya miaka 66 tangu 1994. Tumefanya hesabu, kama mwalimu wa hesabu apaswavyo, tukaona kwamba itakwisha mwaka 2060, nasi tutakuwa tumelala upande wa mashariki wa kanisa siku nyingi. Mpangaji wa namna hiyo ana ukali gani wa kumfungia mpangaji mwenzake nje?

Sheria hiyo ya Ardhi yasema pia kwamba mke au mume aliyetia jasho lake katika kuitunza na kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake, ahesabiwe kuwa amepata haki ndani yake. Basi mtu aweza kuuliza, na mzee mmoja wa kanisa alituuliza kweli: ikiwa sheria imekwisha kumlinda mama, mbona mnatusumbua na jina la pili?

Ndugu, jibu ni hili. Sheria ya Ndoa inasema mali ikiwa kwa jina la mmoja hudhaniwa ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina ya wote wawili hudhaniwa ni yao kwa usawa. Neno "mpaka ithibitishwe" laonekana dogo kwenye karatasi. Kwa mjane ni nauli ya kwenda mahakamani na kurudi, ni wakili, ni mashahidi ambao nusu yao wamekufa, ni hakimu anayeuliza stakabadhi. Nani alimpa mama stakabadhi ya vitumbua? Nani alitia saini upatu? Mwenye jina katika hati haambiwi athibitishe kitu; aliye nje ya hati ndiye abebaye mzigo wote, naye huubeba akiwa bado amevaa kaniki ya msiba.

Na kuhusu mirathi mambo ni mazito zaidi. Kanuni za mila zilizochapishwa na serikali mwaka 1963 zilimnyima mjane fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, zikasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Tusiwalaumu basi wale wa barazani kama kwamba walizua jambo. Walikuwa wanasoma kile walichoachiwa kusoma, na aliyewaachia ni marehemu ndugu yetu, mtu mwema, ambaye hakufikiri. Sisi nasi tulikuwa tunaandaa baraza kama lile kwa mjane wetu.

Twende sasa kwenye kazi yenyewe, maana mafundisho yasiyoonyesha njia ya kwenda ofisini hayatawafaa wengi.

Umiliki wa watu wawili katika ardhi ni wa namna mbili, na msiende kwa Afisa Ardhi kabla hamjachagua. Namna ya kwanza, wote wawili wanashika nyumba nzima kama mtu mmoja, hakuna mwenye fungu lake. Mmoja akifa, aliyebaki anabaki na yote; nyumba haiingii katika mirathi, na aliyebaki hupeleka cheti cha kifo kwa Msajili ili jina la marehemu liondolewe. Namna hii sheria imewawekea mume na mke; watu wengine hawawezi kuifanya bila ruhusa ya mahakama. Namna ya pili, kila mmoja ana fungu lake, nusu kwa nusu au vinginevyo, na akifa fungu lake huingia katika mirathi yake na kwenda kwa warithi. Hii ya pili yaweza kufanywa na ndugu wawili, au mama na mwanawe. Kama hati haisemi, au imesema vibaya, mjane aweza kujikuta ana nusu ya nyumba, na nusu ya pili ina shemeji wanne. Kwa hiyo mwambieni wakili neno hilo waziwazi, na mlisome katika hati kabla hamjatia saini.

Haifai kuchukua kalamu na kuongeza jina juu ya hati kwa mkono, kama mzee mmoja tunayemfahamu alivyofanya kwa nia njema, aliiharibu hati. Mwenye jina hujaza fomu za kuhamisha haki, kwamba anaihamisha kutoka kwake mwenyewe kwenda kwake na mwenzake pamoja, bila malipo, kwa upendo. Hutia saini mbele ya wakili. Huambatanisha hati yenyewe, picha ndogo za wote wawili, na stakabadhi za pango la ardhi kuonyesha hakuna deni. Kibali kikipatikana na ada zikilipwa, Msajili huandika. Ikiwa nyumba iko rehani, benki lazima ikubali kwanza. Walio vijijini wana hati ya hakimiliki ya kimila, nayo yapokea majina mawili. Waanzie kwa halmashauri ya kijiji. Na wale ambao hawajapata hati yoyote, wana barua ya toleo au karatasi ya mauziano tu, hao ndio wenye bahati, maana waweza kuandikisha majina mawili tangu mwanzo bila kuhamisha kitu.

Hapa yatupasa kusema neno la tahadhari, tusije tukawa tumewafungulia mlango na kuacha shimo nyuma yake. Jina likiisha kuingia, halitoki kwa kujuta. Hutaweza kuuza wala kukopa peke yako. Kwa mume na mke hilo ndilo jambo lenyewe tunalolitaka. Lakini tumeona wazee, hasa wajane, wakishawishiwa na mtoto mmoja kumwandikisha katika nyumba "kwa urahisi wa mambo", kisha watoto wengine wakawa maadui, na mama akaishia chumba cha uani akiomba ufunguo wa sebule yake. Kwa watoto wosia hutosha, ulioandikwa kwa akili timamu mbele ya mashahidi wasiorithi, na kuwekwa mahali salama. Upendo wa mzazi kwa mtoto haukuapwa madhabahuni kwa pete. Ule wa mume na mke uliapwa.

Wapo wasemao: nikimwandika, kesho nikifa ataolewa na mwanamume mwingine alale katika kitanda changu. Tumelifikiri neno hili kwa muda, kwa sababu hata sisi lilitupitia moyoni usiku, na tunaona aibu kidogo kulikiri. Basi tujibizane kama watu wazima. Kwanza, ukifa, kitanda si chako. Pili, mwanamume huyo unayemwogopa hayupo, hana jina wala sura, na kwa hofu ya mtu asiyekuwapo unamtoa nje mtu aliyeko, ambaye jana alikukanda mgongo. Tatu, yeye naye aweza kukuuliza swali lile lile juu ya mwanamke mwingine, na wanaume ndio tuoao upesi baada ya msiba, kama daftari la ndoa la mtaa huu lionyeshavyo.

Wapo pia wasemao kwamba ni kutoaminiana: tukipendana, karatasi ya nini? Yeremia nabii alimwamini Mungu kuliko sisi, na katika sura ya 32, akiwa kifungoni na Wababeli wamezunguka mji, alinunua shamba la Anathothi kwa binamu yake kwa shekeli 17 za fedha. Aliandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha katika mizani, akamkabidhi Baruku hati iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, akaamuru ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Imani yake ndiyo iliyomfanya aandike. (Sisi tumeweka nakala yetu katika mfuko wa nailoni ndani ya debe. Mchwa hawana habari na imani ya mtu.)

Mtume Petro naye anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kwa kuwa ni warithi pamoja nao wa neema ya uzima, na anatoa sababu ambayo ingetutisha kama tungeisoma polepole: ili sala zao zisizuiliwe. Twajua zuio la ofisi ya ardhi. Likiwekwa juu ya kiwanja hakiuziki. Mtume anatuambia kuna zuio lingine, juu ya sala za mume. Tuliosimama mbele miaka mingi tukisoma masomo na kuongoza litania, na hati ya jina moja imo chini ya kitanda, tujiulize zile litania zilifika wapi.

Tulimwambia mwenzetu habari hii jioni moja, baada ya chakula. Tulikuwa tumejitayarisha kama mtu anayekwenda kutoa zawadi, na tulitazamia, tuseme kweli, kushukuriwa. Alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mkono juu ya ungo, akasema, "Baba, mimi miaka yote nilijua jina langu limo."

Hatukuwa na la kujibu. Yeye akaendelea na mchele wake. Baadaye, taa imekwisha kuzimwa, akauliza bati zile ni za mwaka gani, nasi tukamwambia, na akasema ndivyo na yeye alivyokumbuka.

Watoto tuliwapigia simu mmoja mmoja, wasije wakasikia kwa watu. Wa kwanza akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi je?" Tukamwambia kwamba mama akiwa ndani, wao hawako nje, na kwamba wosia umeandikwa na uko kwa Padre. Binti yetu alisema tumechelewa. Mdogo wetu wa tumbo moja, ambaye ndiye angekaa barazani siku ya matanga yetu, tulimwita nyumbani, tukamwonyesha karatasi na kumwomba awe shahidi kwamba tumeambiana wazi. Hakufurahi. Alikunywa chai akaondoka mapema. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma yetu, na wakati wa kupeana amani alitushika mkono sisi na akamshika na shemeji yake.

Kazi yenyewe ofisini ilichukua miezi mingi na safari ambazo hatutazihesabu hapa; faili lilipotea, likapatikana, likapotea tena. Wenye kuanza wawe na subira ya binti za Selofehadi. Wakili mmoja aliye mshiriki wa dayosisi yetu amekubali kukaa katika ukumbi wa mtaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kuanzia saa tatu asubuhi, kutazama karatasi za watu bila malipo. Mume na mke waje pamoja. Akina mama ambao hawajapata kuiona hati ya nyumba zao waombe kuiona kabla ya siku hiyo, kwa upole, na akina baba waitoe.

Yetu ilirudi mwezi wa Agosti. Mwenzetu alivaa miwani, akakaa mlangoni penye mwanga, akaisoma yote tangu juu mpaka muhuri, na majina mawili akayapitisha kidole. Kisha akarudi kwenye sharti la pango la ardhi, akauliza kama tumekwisha kulipa la mwaka ulioanza Julai. Tulikuwa hatujalipa. Akaingia ndani kutafuta fedha.